Simtanki langu, saa ya Kiswahili na rekodi za mwaka 1993

Mkuu, nimesoma swali lako. Una miezi sita na Python kwa njia ya video, laptopu yako ina RAM ya 4GB, kila wiki unasikia programu mpya na unajiona basi limeshakuacha stendi. Unauliza ukimbizane na ipi, na uanze na mradi gani. Hilo la kwanza nililikimbiza mwaka mzima, nikabaki na folda kumi na moja za miradi ambayo hakuna hata mmoja uliovuka ukurasa wa kuingiza nywila. Nitakujibu la pili, hilo jingine litajijibu njiani.

Mimi si mtu wa IT. Ni mhasibu, nakaa Morogoro, na kodi naandika usiku (kodi ya kompyuta, ile ya TRA ndiyo ya mchana). Kilichonifundisha ni simtanki la lita 2,000 lililo nyuma ya nyumba. Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, na zamu yetu mara nyingi ni usiku wa manane. Shemeji yenu alikuwa ananiamsha nipande ngazi, simu nimeing'ata mdomoni inamulika, nichungulie kama yameanza kuingia. Siku niliyoteleza kwenye ile ngazi ndiyo niliyoamua kazi hii ifanywe na mashine. Ilikuwa 2023.

Vifaa nilinunua Kariakoo. Juu ya tanki niliweka kibao cha ESP8266, kikompyuta chenye Wi-Fi ambacho bei yake haifiki ya kuku wa kienyeji, na kihisi cha HC-SR04, kile chenye macho mawili kama bundi. Jicho moja linapiga sauti ambayo binadamu haisikii, jingine linangoja mwangwi. Unapima muda wake kwa maikrosekunde, unagawa kwa 58, unapata sentimita za kufika kwenye maji. Kwenye video ni kazi ya dakika kumi. Mimi nilichoma kibao cha kwanza jioni ileile, kwa sababu kihisi kile kinarudisha volti 5 na pini za ESP8266 ni za volti 3.3. Weka rizista mbili, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, uishushe kabla haijafika kwenye kibao.

Halafu kuna mvuke. Tanki lililoshinda juani ndani ni kama sufuria iliyofunikwa, na yale macho ya bundi yaliota kutu ndani ya wiki sita. Nikahamia JSN-SR04T, kisichoingia maji, ndugu wa vile vinavyofungwa kwenye bampa la gari. Hiki nacho hakioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita ishirini na kidogo, kwa hiyo tanki likijaa kikawa kinaleta namba za mlevi. Dawa yake ilikuwa ndoo tupu ya rangi: niliigeuza juu ya mdomo wa tanki, kihisi nikakifunga kwenye kitako chake. Shemeji yenu anasema nyuma ya nyumba kunaonekana kama kilinge cha mganga. Joto nalo linadanganya kidogo, maana sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 na karibu 352 kwenye nyuzi 35, lakini hilo nililiacha lipite.

Namba zilikuwa zinapokelewa na Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo ya Linux iliyofichwa nyuma ya TV. Hapo ndipo zile programu mpya ziliponipata. Nilikuwa nimesikia kwamba watu makini wanaweka kila kitu kwenye Docker (inayofungasha kila programu kwenye kasha lake), wana hifadhidata maalumu ya vipimo vya muda na Grafana ya kuchora. Kile kibao cha Pi kina RAM ya 512MB. Wiki tatu nilihangaika nacho, kinakwama, nakizima, nakiwasha, mpaka ikatoka grafu ya kijani inayopanda na kushuka, nzuri kweli. Nikamwita shemeji yenu aone. Akaitazama, akasema, "Hongera baba. Sasa yamebaki ndoo ngapi?"

Ndoo ni lita 20. Lita 2,000 ni ndoo 100. Yaani asilimia moja ya tanki langu ni ndoo moja kamili, na mimi nilikuwa nachora grafu! Nikafuta vyote, nikaacha programu moja ya Python ya mistari kama themanini, SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili moja), na kioo kidogo kinachoandika ndoo zilizobaki na saa ambayo maji yaliingia mara ya mwisho. SQLite ipo tangu mwaka 2000 na hata simu yako ya Android inayo ndani. Haina mbwembwe, na faili lake unalibeba kwenye flashi.

Sasa tufike kwenye saa, maana ndiyo iliyonila muda kuliko vyote.

Rekodi za kwanza zilikuja sawasawa, ndoo sahihi, siku sahihi, mwezi sahihi, ila mwaka ukasema 1993. Nikadhani kihisi kimeharibika (kihisi na mwaka wapi na wapi, lakini saa sita usiku mtu unadhani chochote). Kumbe MicroPython, ile Python iliyopunguzwa kwa vibao vidogo, kwenye ESP8266 inahesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 2000, wakati Linux kwenye Pi inahesabu kuanzia 1 Januari 1970. Kibao cha juu kilikuwa kinatuma hesabu yake, cha sebuleni kinaisoma kwa kalenda yake, na katikati zinapotea sekunde 946,684,800, miaka thelathini kamili. Nilichofanya ni kukinyima kile cha juu haki ya kusema saa: kinatuma sentimita tu, tarehe inagongwa na Pi.

Wanaoona haya ni mambo ya kibao cha bei ya kuku wakumbuke mita za umeme za LUKU. Tokeni za mita hizi hubeba muda ndani yake, dakika zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa ni ya biti 24. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216 basi, na hizo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule watu waliingiza tarakimu za ziada kabla ya kuingiza umeme wao. Nilipoelewa hivyo nilijisamehe.

Mwaka ulipokaa sawa, kikaja kipindi kipya. Mama mkwe alikuja kutoka Pangani kukaa nasi. Asubuhi moja kioo kilikuwa kimeandika kwamba maji yaliingia 02:40. Mama akavaa miwani, akasoma, akaniambia kwa upole, "Baba, chombo chako kinasema uongo. Saa mbili na dakika arobaini tulikuwa mezani na bomba kavu." Alikuwa na haki. Hakuna mtu mle ndani anayeishi kwa saa ile isipokuwa mimi na simu.

Kugeuza ni rahisi kwa mdomo: unatoa sita, au kwenye saa ya mishale unasoma upande wa pili. Nilimwomba msaidizi mmoja wa akili bandia aniandikie, akaandika kwa sekunde tatu, maelezo yamepangwa kama ya mwalimu. Kesho yake alfajiri ilipoisha kioo kikasema ni "saa 0 asubuhi". Sita toa sita. Dawa ni hii (h ni saa ya simu, % ni baki baada ya kugawa, na "or 12" inaweka 12 baki ikiwa sifuri):

saa = (h - 6) % 12 or 12

Kwenye Python inakwenda vizuri hata usiku, kwa sababu mbili toa sita ni hasi nne, na Python ikichukua baki ya hasi nne kwa kumi na mbili inaleta nane: saa nane usiku. Miezi michache baadaye mtu akaniambia MicroPython ni ya watoto, wanaume wanaandika C++. Nikahamisha kila kitu, na kioo kidogo nikakipeleka kwenye ESP. Usiku wa kwanza kikaandika "saa -4 usiku". C++ ikigawa namba hasi, baki nayo inabaki hasi. Ukijumlisha sita badala ya kutoa, jibu ni lilelile na hasi haitokei kabisa. Kujumlisha sita! Mtoto wa darasa la tatu angeniambia, na mimi nilishakesha siku mbili. Nikarudi MicroPython bila aibu.

Hapo bado neno la baada ya saa. Shemeji yenu anasema saa moja jioni, mama anasema saa moja usiku, na nyumba nzima ikagawanyika wakati wa chakula. Nilimfuata mama, kwa heshima. Lakini kubwa ni siku aliyouliza, "Usiku wa Ijumaa yaliingia?" Nikaangalia Ijumaa saa tatu usiku hadi usiku wa manane, hakuna kitu, nikamwambia hayakuingia. Akasema yaliingia, aliyasikia. Tukabishana kidogo, mpaka nikaelewa kwamba kwa mama siku inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa wa kwake ni ule ninaouita Alhamisi usiku, na kwenye rekodi maji yalikuwepo, saa nne na robo. Sasa programu inaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na hapo hakuna anayeweza kukosea, si mtu wa bara wala wa pwani. Huo mstari mmoja nauonea fahari kuliko Docker yote.

Mengine nayapitia haraka. Raspberry Pi Zero haina saa yenye betri. Umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi alfajiri, Pi inaamka ikidhani bado ni saa nane, kama abiria aliyesinzia anayeuliza kama tumefika Chalinze wakati yuko Mbezi. Intaneti ikiwepo inajirekebisha. Bando likiisha inaendelea na ndoto yake. Nunua moduli ya DS3231, waya nne tu, inapotea kama dakika moja kwa mwaka. Angalizo: nyingi ya moduli hizo zina njia ya kuchaji betri, na CR2032 ya kawaida haichajiwi, kwa hiyo ilishe volti 3.3, usiipe 5.

Kadi ya memori nayo itakufa. Yangu ilikufa mara mbili, zote umeme ulipokatika katikati ya kuandika, na mara ya kwanza iliondoka na rekodi za miezi minne. Nilikuwa naandika kila dakika hata kama maji hayajasogea. Sasa naandika namba inapobadilika tu, mfumo wenyewe nimeuweka usomwe bila kuandikwa (ipo kwenye raspi-config), data inakaa kwenye flashi ya USB, na kila siku nakala inakwenda kwenye laptopu. Kazini nikimwona karani hana nakala za vitabu nampa onyo la maandishi. Nyumbani ndivyo nilivyokuwa.

Kuhusu akili bandia ya kuendesha kwenye laptopu yako mwenyewe, kwa 4GB usijisumbue. Nilijaribu llama.cpp, programu ya kuendeshea modeli hizo, kwenye mashine yangu ya 8GB. Modeli ya vigezo bilioni 7 iliyobanwa hadi biti 4 inachukua karibu 4GB peke yake. Ilifanya kazi, ikijibu neno kwa neno kama mtu anayesoma barua kwa miwani ya jirani, na Kiswahili chake kilikuwa cha mgeni aliyefika jana. Zile za mtandaoni natumia kila siku, hasa kunieleza ujumbe wa kosa uliojaa Kiingereza kirefu. Ila ya kwamba siku ya mama inaanza magharibi, hakuna iliyoniuliza.

Kwa hiyo kwako: laptopu yako inatosha. Weka Thonny, programu ya kuandikia Python, ni nyepesi, inaongea na ESP8266 moja kwa moja. Acha Pi kwanza. Kibao kimoja, kihisi kisichoingia maji, kioo kidogo, rizista mbili. Kama kwako maji si shida, tafuta kingine ambacho mtu wa nyumbani atakuja kukugongea mlango kisipofanya kazi. Kodi yangu naweza kukutumia, ila majina ya vitu humo ndani ni ya Kiswahili na mengine ni ya matusi, nipe siku mbili niyasafishe.

Sasa ni saa nne na dakika ishirini usiku, ziko ndoo 38, na zamu yetu ni leo usiku wa kuamkia Jumamosi. Acha nikalale, kikiona yanaingia kitalia chenyewe.