Mimba ya wiki saba na historia ya rovu katika familia

Dada uliyeuliza kama kuna haja ya kupima tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, kwa kuwa mama yako aliwahi kupasuliwa rovu (uvimbe wa tezi hiyo) nawe una mimba ya wiki saba: haja ipo, na ninakusihi uende wiki hii.

Mimba yangu ya kwanza nilianza kuihudhuria kliniki ilipofika mwezi wa nne, kama wengi mtaani kwetu. Nilipimwa wingi wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI na mkojo, lakini habari za shingo hazikuulizwa, nami uchovu, kuhisi baridi na kufunga choo niliviona kuwa hali ya kawaida ya ujauzito. Mimba ile iliharibika. Siwezi kusema tezi ndiyo iliyosababisha, maana haikupimwa. Iligundulika kuwa dhaifu mwaka uliofuata.

Daktari alinieleza kwamba tezi ya mtoto huanza kutengeneza homoni karibu na wiki ya 12, na kabla haijapata nguvu za kutosha, mtoto hutegemea homoni za mama, hasa kwa ukuaji wa ubongo. Ndiyo maana mwezi wa nne ni kuchelewa. Wataalamu hawajakubaliana kwamba kila mjamzito apimwe, ila mwenye historia kama yako, au aliyepoteza mimba, au mwenye kisukari cha aina ya kwanza, huyo hupimwa mapema TSH, yaani homoni inayoiamrisha tezi kufanya kazi, ambayo hupanda tezi ikiwa dhaifu. Omba majibu yasomwe kwa viwango vya wajawazito, kwa sababu homoni ya mimba huishusha TSH katika miezi mitatu ya mwanzo. Maabara isiyo na viwango hivyo huweza kutumia 4 kama kikomo cha juu.

Katika mimba ya pili nilikuwa tayari natumia levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya tezi, na daktari aliniongezea dozi mara tu nilipokosa hedhi. Hata hivyo TSH ilipanda, kwani kila asubuhi nilimeza dawa hiyo pamoja na vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki, bila kuambiwa kwamba madini ya chuma huizuia isifyonzwe vizuri. Nilipozitenganisha kwa saa nne, kipimo cha mwezi uliofuata kilikuwa kizuri, na binti yangu sasa yuko darasa la pili.

Kama mama yako bado ana karatasi za upasuaji, nenda nazo. Kama hana, muulize iwapo aliandikiwa vidonge vya kila siku baada ya hapo, na umweleze muuguzi kabla hajaanza kukuandikia kadi.