Muulize Mjomba: Kompyuta imeanza kukwama, nihamie Mac?

Swali: Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa miaka 27, napiga na kuediti video za harusi, sendofu na kipaimara hapa Mwanza. Natumia kompyuta ya mezani niliyoundiwa na fundi: prosesa ya Ryzen 5 3600, kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super, RAM GB 16, Windows 10. Premiere, programu ya kueditia, niliwekewa hapo hapo. Ilinitosha kabisa. Mwaka huu nimeuza Sony A7 III nikachukua A7 IV, na tangu hapo taimulaini inakwama. Nikibonyeza kucheza, picha inaganda huku sauti inaendelea. Sendofu moja inanimaliza wiki mbili na mama wa bibi harusi anapiga simu kila siku. Wenzangu wawili wamehamia Mac mini ya M4, wananicheka. Nina akiba ya milioni 2.5. Duka moja la Kariakoo wamenitajia milioni 2.1 kwa mini ya RAM GB 16 na diski ya GB 256. Kuna mtu mwingine ananiuzia MacBook Pro ya 2019 iliyotumika kwa milioni 1.4. Nina diski sita za nje zimejaa kazi za nyuma. Nihame au nibaki?
*Mpiga video, Nyakato*

Jibu: Marahaba, mpwa. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua na ukalipita: kompyuta ilikuwa nzima mpaka ulipobadilisha kamera. Mashine haizeeki kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni faili unazoilisha.

A7 III ya mwaka 2018 ilikuwa inakupa video ya biti 8, rangi 4:2:0. Biti ni wingi wa vivuli vya rangi, na hizo namba tatu ni wingi wa taarifa za rangi: 4:2:2 inabeba zaidi ya 4:2:0. A7 IV inaweza kurekodi biti 10, rangi 4:2:2, na niko tayari kuweka dau kwamba uliingia kwenye menyu ukachagua XAVC HS 4K, fremu 50, ukapandisha kila kitu hadi juu. Kijana gani amenunua kamera mpya asifanye hivyo? XAVC HS ni H.265. Aina hii ya faili haihifadhi kila fremu nzima nzima. Ni kama mtu anayekusimulia kwa kusema "ni vilevile kama jana, ila leo shati ni jekundu": ili ujue leo ilikuwaje, lazima kwanza uikumbuke jana. Kompyuta inafanya hesabu hiyo mara 50 kwa sekunde, na ukiwa na kamera mbili kwenye taimulaini, mara 100.

Kompyuta za siku hizi zina kitengo maalumu ndani ya chipu kwa kazi hiyo. Tatizo lako liko hapo. Kadi za NVIDIA hazikuwa na uwezo wa kufungua 4:2:2 kwa kitengo hicho mpaka zilipokuja RTX za mfululizo wa 50 mwaka 2025. Kwa hiyo 1660 Super yako inakodoa macho tu. Ryzen 5 3600 nayo haina grafiki ya ndani. Kazi yote inaangukia viini sita vya prosesa, kwa nguvu za mikono. Chipu za Apple za M zina kitengo hicho, na ndiyo maana wenzako wanacheka. Lakini prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani, kuanzia kizazi cha 11, zinacho pia. Kwa hiyo hapa tatizo si Windows.

Usiniamini kwa maneno. Fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya utendaji, chagua GPU (ndiyo kadi ya grafiki), kisha cheza klipu moja inayokwama ndani ya Premiere. Ukiona mstari wa "Video Decode" umelala chini wakati prosesa imepanda hadi karibu asilimia 100, basi ndiyo hiyo.

Sasa dawa isiyokugharimu kitu. Kwenye kamera, baki na XAVC HS ukitaka, ila badilisha rangi kutoka 4:2:2 10 bit kwenda 4:2:0 10 bit. Kadi yako inaifungua hiyo. Biti 10 unabaki nazo, na hizo ndizo unazozihitaji: ukumbini una shela jeupe, suti nyeusi, ngozi zetu, na taa za zambarau ambazo mpambaji amezimwaga kila kona. Biti 10 ndizo zitakazokuruhusu kuvuta rangi bila uso wa bwana harusi kupasuka vipande. 4:2:2 ina faida yake, hasa kwa wanaokata mtu kwenye pazia la kijani. Wewe lini ulikata mtu kwenye pazia la kijani kwenye kipaimara?

Kwa kazi ulizokwisha kupiga, tengeneza proksi. Premiere inayo tangu 2016 na nashangaa ni wangapi hawajawahi kuigusa. Chagua klipu zote, bonyeza kulia, agiza proksi za ProRes (aina ya faili isiyoielemea kompyuta) zenye ukubwa mdogo, iache mashine usiku kucha kama TANESCO watakuruhusu. Asubuhi unaediti nakala nyepesi, na wakati wa kutoa kazi programu inarudi yenyewe kwenye faili za asili. Mama wa bibi harusi apewe tarehe, simu zipungue.

Ukiona bado unataka chuma, ipo njia ya katikati: mazabodi inayokubali RAM zako zilezile za DDR4, pamoja na Intel Core i5-12400. Angalia vizuri herufi. Ile inayoitwa 12400F ni nafuu kidogo na muuzaji ataisifu, lakini F maana yake haina grafiki ya ndani, na grafiki hiyo ndiyo tunayoitafuta. Ongeza RAM ifike GB 32. Kadi yako inabaki, diski zinabaki, Premiere inabaki. Na kama mashine bado iko Windows 10, ipandishe kwenda 11. Msaada wa 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Haya, tuje kwenye Mac, maana najua moyo uko huko. Sikukatazi. Mini ya M4 ni mashine nzuri sana kwa hela yake, na kwa mji unaokatika umeme ina sifa moja ambayo wenzako huenda hawajakutajia: ikikimbia kwa nguvu zake zote inakula kama wati 65. Kadi yako ya 1660 Super peke yake imepangiwa 125. UPS yako ndogo inayolia ukimaliza kuhesabu kumi itakupa muda wa kuhifadhi kazi na hata kunywa chai.

Ila hiyo milioni 2.1 si bei ya kuhama, ni bei ya sanduku. Mini ya M4 haina tundu la USB la zamani hata moja, wala pa kuchomeka kadi ya kamera, kwa hiyo kuna kununua kigawanyio. Diski ya GB 256: video ya megabiti 200 kwa sekunde ni GB 90 kwa kila saa ya kurekodi. Sendofu moja ya kamera mbili haiingii humo. Utanunua SSD ya nje ya kasi, na si ile ya bei ya barabarani. RAM hutaongeza kamwe, ile uliyonunua nayo ndiyo utazikwa nayo.

Halafu hizo diski sita. Kama zimepangwa kwa NTFS, na za watu wa Windows wengi ndivyo zilivyo, Mac itazisoma lakini haitaandika ndani yake. Utaziona kazi zako, utazinakili, lakini kuhifadhi mradi humo haiwezekani. Kuna mtu atakuambia uzifomati. Mtu huyo asiguse meza yako! Nunua diski moja mpya, ipange kwa exFAT inayoeleweka pande zote mbili, uhamishe kidogo kidogo. Na exFAT haipendi kuchomolewa ghafla wala umeme kukata katikati ya kunakili, kwa hiyo kila kazi iwe na nakala mbili. Miradi ya Premiere yenyewe itafunguka kwenye Mac, itakuuliza tu klipu ziko wapi. Ukiionyesha moja, zingine za folda ileile itazipata. Fonti na plagini ndizo zitakazokosekana.

Premiere "uliwekewa". Nimekuelewa, tusiumbuane mbele ya wasomaji. Lakini kile ulichowekewa hakihami, na kwenye Mac sitaki ukatafute kingine cha kuwekewa. Premiere halali ni ya kulipia kila mwezi, Final Cut Pro ni dola 299.99 mara moja, na DaVinci Resolve lipo toleo la bure. Resolve iko Windows na Mac, kwa hiyo unaweza kuhama programu kabla ya kuhama kompyuta. Ishushe leo, chukua kipaimara kimoja kilichokwisha lipwa, kiediti upya humo kwa kutumia proksi. Vidole vikizoea, siku ya kubadili mashine hutakuwa mgeni wa vitu viwili kwa wakati mmoja.

Nina sababu ya kusema hivyo. Nilikuwa mtu wa Final Cut wakati Apple walipotoa toleo la X, Juni 2011, wakaacha kuuza lile la zamani, na jipya likawa halifungui miradi ya lile la zamani. Wahariri wengi duniani walihamia Premiere wakati ule, nami nikiwemo. Tangu hapo kila kazi iliyokwisha naitoa faili moja safi, kubwa, isiyodai programu fulani ili ifunguke.

Ile MacBook Pro ya 2019 ya milioni 1.4, achana nayo. Ndani ina Intel, si chipu ya M, na Apple wameshatangaza kwamba mfumo wa Mac uitwao macOS Tahoe ndio wa mwisho kwa mashine za Intel. Ukipelekewa Mac yoyote iliyotumika, fungua menyu ya tufaha uangalie sehemu ya kuhusu mashine: iseme M1 au zaidi. Muuzaji aifute mbele yako, uianze kama mpya. Ikidai nenosiri la mtu usiyemjua, au ikisema inasimamiwa na kampuni, mrudishie na umpe pole.

Kwa hiyo, mpwa, mwezi huu baki. Badilisha menyu ya kamera, tengeneza proksi, malizia kazi za watu. Ukitaka kuhama, hama wakati wa Kwaresma, harusi za kanisani zinapopungua, usihame ukiwa na deni la sendofu tatu. Na ukienda dukani nenda na kadi yako yenye klipu zako, sio ile video ya maua waliyoiweka wao.

Swali: Mjomba, assalaam alaykum. Natokea Unguja, naishi Maskati. Naediti kwa Final Cut kwenye MacBook Pro ya 2015. Ofisi mpya wananipa kompyuta ya Windows yenye Premiere. Kazi zangu za zamani zitafunguka huko?
*Binti wa Mji Mkongwe*

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Hazitafunguka. Final Cut iko Mac tu, na Premiere haisomi moja kwa moja faili za XML (maelezo ya mradi) zinazotoka humo. Inataka programu ya kugeuza katikati. Resolve inazisoma. Kazi zilizokwisha, zitoe kwa ProRes, na sauti utoe kando: maneno peke yake, muziki peke yake. Zile ambazo wateja bado wanarudi kuomba mabadiliko, zimalizie hapo hapo ulipo. Mac hiyo imekomea macOS Monterey na haitapanda zaidi, lakini bei yake sokoni sasa ni ndogo mno kukufanya uiuze. Iweke kabatini na chaja yake.