Jibu: Mike Martin na ubingwa alioukosa

Ndugu, umeuliza kwa nini Mike Martin anahesabiwa miongoni mwa makocha wakubwa wa besiboli ya vyuo vya Marekani ilhali hakuwahi kutwaa ubingwa wa taifa. Ni kweli hakuutwaa: aliifikisha timu yake ya chuo cha Florida State mara 17 katika hatua ya mwisho ya mashindano ya taifa, inayochezwa mjini Omaha, na mwaka 1999 akapoteza fainali mbele ya Miami kwa 6–5. Hata hivyo, katika misimu yake 40 ya ukocha mkuu, kuanzia 1980 hadi 2019, timu yake haikukosa hata mara moja mashindano ya taifa, wala haikushinda mechi chini ya 40 kwa msimu, naye alistaafu akiwa na ushindi 2,029, idadi ambayo hakuna kocha wa daraja la kwanza la vyuo aliyekuwa ameifikia. Kwa maoni yangu, uthabiti wa namna hiyo una uzito kuliko kombe moja, ambalo pengine huamuliwa na mpira mmoja tu.

Isitoshe, vipaji vilikua mikononi mwake. Buster Posey, baadaye nyota wa ligi ya kulipwa, aliyekuwa akilinda kati ya beisi ya pili na ya tatu, aligeuzwa kuwa mdakaji, yaani anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, hapo hapo chuoni, na katika mechi moja ya mwaka 2008 alichezeshwa nafasi zote 9 za uwanjani, huku akipiga pigo lililoleta pointi 4 kwa mkupuo.