Gemu ya siku 6 za Nika: mchezaji achague nini wakati historia imeshaamua

Tarehe 13 Januari mwaka 532, mashabiki wa timu za Buluu na Kijani, ambao kwa kawaida hawapikiki chungu kimoja, waliungana kupiga kelele moja kwenye uwanja wa mbio za magari ya farasi wa Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Warumi: "Nika!", yaani "Shinda!" Tarehe 18 ilipoisha, kwa hesabu ya Procopius, mwanahistoria wa wakati huo, watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameuawa humohumo uwanjani. Anayetaka kuzijengea gemu siku hizo anakutana na kikwazo kabla hajaandika mstari wa kwanza: mchezaji akitafuta dakika mbili tu mtandaoni atajua kwamba Justinian, Kaisari ambaye ghasia hizo zilitaka kumng'oa, hakung'oka. Ukimruhusu amng'oe, hiyo si historia tena. Ukimnyima uamuzi wowote, umemtengenezea filamu ya kubofyabofya.

Njia ya katikati ipo. Matokeo ya dola yaache kama yalivyokuwa. Mchezaji aamue amesimama wapi, anajua nini na anadaiwa na nani saa ile mambo yanapogeuka.

Kwa hiyo usianze mhusika kwa sura wala tabia. Anza na madeni. Kila mhusika mkuu apate mistari minne: nani alimpa cheo, anadaiwa na nani, anaogopa kupoteza nini, na anajua nini ambacho wenzake hawakijui. Mstari wa nne ndio unaozaa matawi ya hadithi, na ndio ambao waandishi wengi huuacha wazi.

Mchukue Hypatius. Gemu ya kivivu itamfanya mwasi mwenye uchu wa madaraka. Lakini alikuwa mpwa wa Kaisari Anastasius, na Justinian mwenyewe ndiye aliyemtoa ikulu usiku wa tarehe 17. Asubuhi umati ukamfuata nyumbani ukitaka awe Kaisari. Mkewe Mary akamng'ang'ania akilia, wakamshinda nguvu. Pale Jukwaa la Konstantino hapakuwa na taji, wakamvika mkufu wa dhahabu kichwani. Huyu ni mtu aliyevalishwa uasi. Ukishamwandika hivyo, kila sentensi yake inakuwa na pande mbili, na mchezaji hatajua amwamini kwa lipi.

Sasa tukio lenyewe. Hypatius ameketi kwenye kiti cha Kaisari uwanjani, na kwa siri anamtuma Ephraemius kwa Justinian: maadui zako nimekukusanyia mahali pamoja, fanya upendavyo. Njiani Ephraemius anakutana na Thomas, mtu wa ikulu, anayemwambia kwamba ndani hamna mtu, Kaisari ameshaondoka. Si kweli. Mpe mchezaji karani wa kubuni aliyesimama kwenye ngazi wakati Ephraemius anarudi:

Ephraemius: "Nipishe, bwana. Ndani hamna mtu, Kaisari ameshakwenda."
– "Pita."
– "Nani kakwambia?"
– (kama amemwona_kaisari = ndiyo) "Kaisari yumo. Nimemwona kwa macho yangu leo asubuhi."

Jibu la tatu linaonekana tu kwa aliyeamua asubuhi kubaki karibu na ikulu badala ya kufuata umati. Hata akilichagua, Ephraemius atamsikiliza tu ikiwa imani_ikulu, yaani pointi za jinsi ikulu inavyomwamini mchezaji, ni 4 au zaidi, na akirudi langoni atafukuzwa na walinzi. Hypatius atauawa tarehe 19 kwa njia zote. Kinachobadilika ni nani anakumbuka ulisimama wapi, na iwapo karani wako atakuwa na mtu wa kumtetea.

Hesabu ya matawi huwaponza wengi. Maamuzi 10 yenye njia mbilimbili, yasipokutana popote, yanatoa miisho 1,024. Hakuna timu ya watu watatu itakayoiandika. Weka kivuko kimoja kila siku, yaani tukio moja ambalo kila mchezaji lazima alipitie: tarehe 14, Justinian anawaondoa madarakani maofisa wake John wa Cappadocia, Tribonian na Eudaemon; tarehe 18 asubuhi, anatokea na Injili mkononi kuahidi msamaha na kuzomewa. Siku 6, kila siku njia 3 zenye matukio mawili, ni matukio 36. Ongeza vivuko 6, yanakuwa 42. Kwa maneno 400 kila tukio, ni maneno 16,800. Kazi hiyo inabebeka.

Vigeu vya namba, yaani thamani ambazo programu inazihifadhi na kuzibadilisha, visizidi vinne: imani_ikulu, imani_buluu, imani_kijani, na fedha. Vingine vyote viwe vya ndiyo au hapana. Kosa la kila mara ni kizingiti kisichofikika: mlango unadai pointi 7, kumbe mpaka siku ile mchezaji hawezi kupata zaidi ya 6. Jaza lahajedwali, kila njia safu yake, ujumlishe pointi za juu kabisa kabla ya kila kivuko. Kosa la pili ni mpangilio wa masharti. Programu husoma kutoka juu. Sharti jepesi likitangulia, lile mahususi halifikiwi kamwe. Tangulize lililo gumu zaidi.

Usichanganye karne. Moto wa Kigiriki, silaha ya kuchomea meli, ulikuja miaka ya 670. Kanisa la Hagia Sophia lenye kuba kubwa lilizinduliwa Desemba 537; lililoungua kwenye ghasia hizi ni lile la kabla yake. Watu wa dola hii walijiita Warumi, kwa hiyo neno "Bizanti" lisitoke mdomoni mwa mhusika yeyote. Ukitaka mhusika kutoka Afrika huna haja ya kulazimisha: pembe za ndovu zilitoka Adulis, bandari ya ufalme wa Aksum kwenye Bahari ya Shamu, na Justinian alituma wajumbe Aksum akitaka hariri isipitie kwa Waajemi. Mfanyabiashara wa pembe aliyekwama mjini wiki ile, asiye Buluu wala Kijani, ni macho mazuri sana ya kuonea mambo.

Wakati wa majaribio, kuna njia moja ambayo watu husahau kuicheza: ya mchezaji anayenyamaza kila mara na kufuata tu wengine. Lazima ifanye kazi mpaka mwisho, bila mazungumzo matupu wala kigeu kilichobaki bila thamani. Hapati tuzo ya unyamavu, wala adhabu ya ghafla tarehe 14. Tarehe 18 yumo uwanjani na wengine, karibu na mlango unaoitwa Nekra, na Mundus, jemadari wa Justinian, anaingilia hapo na askari wake.