Java ipo kwenye mashine yako, acha kuinstoli upya

Wadogo zangu mnaoanza Java kwenye Windows, hii yenu. Umedaunlodi JDK (kifurushi cha kutengenezea programu za Java), umeinstoli freshi, unafungua cmd (lile dirisha la kuandika amri) unaandika javac, amri ya kukompaili, inakujibu 'javac' is not recognized. Wengi hapo wanafuta kila kitu wanainstoli tena, bando linakata, shida iko palepale. Java ipo, ila cmd haijui iko folda gani, basi.

Nenda Start andika environment, fungua ile ya system, bonyeza Environment Variables. Kule chini kwenye za system tengeneza mpya, iite JAVA_HOME, ndani yake weka folda ya JDK yenyewe, mfano C:\Program Files\Java\jdk-21, na usimalizie na bin. Hapa ndo wanapochemka watu, kwa sababu Maven na Gradle (zana za kujengea miradi ya Java) zinajiongezea bin zenyewe, ukiweka na wewe zinaenda kutafuta bin\bin. Kwenye Path ya system sasa, ile orodha ya folda ambazo Windows inatafutia programu, ndo unaongeza %JAVA_HOME%\bin. Piga OK zote, funga cmd ufungue nyingine, ile iliyokuwa wazi haijui kama umebadilisha kitu (VS Code nayo izime kabisa uiwashe).

Kimbembe kinakuja pale javac -version inasema 21 halafu java -version inasema 1.8. Unakompaili vizuri, ukirani unapigwa UnsupportedClassVersionError, ndani yake utaona 65.0 na 52.0. Hiyo 65 ni Java 21, 52 ni Java 8, yaani umepika na mpya unataka kula na ya zamani. Andika where java, kama uko PowerShell andika where.exe java maana where tupu kule ni kitu kingine. Itakutolea njia zote, ya juu kabisa ndo inayotumika, na mara nyingi utakuta ya juu ni folda inaitwa javapath, imewekwa na instola ya Oracle. Rudi kwenye Path, ichague %JAVA_HOME%\bin uipandishe na Move Up mpaka iipite hiyo. Ila iwe Path ya system, maana Windows inaanza kusoma ya system ndo inafuata ya user, kwa hiyo kwenye ya user utapandisha mpaka uchoke na 1.8 haibanduki.

Mkiona video inasema tumia setx PATH msiiguse, inakata maandishi yakizidi herufi 1024 na Path yako ikiwa ndefu mkia wake umeenda hivyo. CLASSPATH nayo (inayoiambia Java itafute klasi wapi) achaneni nayo, ukiiset bila nukta, yaani folda uliyopo, hata klasi yako ya Main iliyopo folda hiyohiyo haionekani.

Na kama ni kompyuta ya labu huna admini, andika set "PATH=C:\Program Files\Java\jdk-21\bin;%PATH%" kwenye cmd yenyewe, piga kazi zako, ukifunga dirisha imefutika, kesho unaandika tena.