Maswali na Majibu: Baruti Zenye Namba Moja

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Naishi Idaho na hujaza mwenyewe risasi za .30-06 za kuwindia. Vipimo vyangu vyote ni vya baruti ya H4831, lakini dukani nimekuta IMR 4831 tu. Namba ni ile ile. Naweza kuendelea na vipimo vyangu?
Msomaji, Boise

JIBU: Usithubutu, ndugu. Namba ni moja, ila baruti ni mbili. Baruti 4831 ya awali ilikuwa ya jeshi, ya mizinga midogo ya milimita 20. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Bruce Hodgdon alinunua shehena za masalio na kuwauzia wajazaji; hiyo ndiyo H4831. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 DuPont nao wakatoa IMR 4831, nayo huungua haraka zaidi. Tangu 2003 lebo zote mbili zimo mikononi mwa kampuni ya Hodgdon, kwa hiyo makopo hukaa rafu moja na mtu mwenye haraka huchukua lisilo lake.

Ukimimina IMR kwa kipimo cha juu cha H, presha inaweza kuvuka kikomo cha .30-06, ambacho Marekani wamekiweka psi 60,000 (ratili kwa inchi ya mraba). Ukikosea kwa upande wa pili, yaani H kwa kipimo cha IMR, kwa kawaida utapata mwendo mdogo na masizi shingoni mwa ganda, kwa sababu presha haikutosha kulitanua ganda likazibe chemba (nafasi ya bunduki inamokaa risasi).

Fungua ukurasa wa IMR 4831 kwenye kitabu cha vipimo, kwa kichwa cha risasi cha uzito wako, na uanze chini. Kama kitabu hakikutaja pa kuanzia, punguza asilimia 10 kutoka kipimo cha juu: kipimo cha juu cha greni 50 (greni ni kizio kidogo cha uzito) kinaanza na 45. Kisha panda nusu greni kwa nusu greni. Usingoje fataki (kiwashio kitakoni mwa ganda) ibapike au bolti (komeo la bunduki) igome kufunguka. Dalili hizo huja presha ikiwa imeshapita mahali pake. Kronografu, kifaa cha kupima mwendo wa risasi, husema mapema. Mwendo ukiufikia ule wa kitabu kabla hujafika kipimo chake cha juu, simama hapo. Hakuna mwendo wa bure; umeulipia kwa presha.

H4831SC ni habari nyingine. Hiyo ni H4831 yenyewe iliyokatwa vijiti vifupi ili iteremke vizuri kwenye kipimio (chombo cha kupimia baruti), na hutumia vipimo vile vile vya H4831.

SWALI: Mimi nipo Arusha na nina leseni ya bunduki. Je, naruhusiwa kujaza risasi nyumbani?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana. Leseni ya kumiliki silaha si leseni ya kutengeneza risasi. Sheria ya Tanzania ya silaha na risasi ya 2015 inavitenganisha, na Kenya pia kutengeneza bila kibali ni kosa la jinai.

SWALI: H4350 imeadimika huku Texas. Natumia risasi za 6.5 Creedmoor. Nichukue IMR 4350, au W760 au H414 ambazo naambiwa ni kitu kimoja?
Msomaji, San Antonio

JIBU: Kwa Texas, tungekushauri kwanza uisubiri H4350, na sababu ni joto. Baruti hiyo hutengenezwa Mulwala, Australia, na kule inauzwa kwa jina la AR2209. Imeundwa isiyumbe sana kati ya baridi na jua kali. IMR 4350 iko karibu nayo kwenye orodha za kasi ya kuungua, lakini orodha hizo hukupa mpangilio tu; hazisemi pengo kati ya baruti na baruti ni kubwa kiasi gani. Usizitumie kubadilishana vipimo.

W760 na H414 ni kweli baruti moja yenye lebo mbili. Hata hivyo, kopo jipya ni loti mpya, yaani mkupuo mwingine wa utengenezaji, na loti hutofautiana, basi shuka na uanze kupanda tena. Punje zake ni za duara. Faida yake utaiona kwenye kipimio: hutiririka bila kukwama, ilhali vijiti virefu vya IMR hukatwa na ngoma ya kipimio kwa mlio wa kuchakacha na mizani hucheza kila mara. Hasara yake ni kwamba haiwaki kirahisi kama vijiti, hasa penye baridi, na huhisi joto zaidi. Kitabu kikitaka fataki ya magnum (yenye moto mkali zaidi), weka hiyo; kisipotaka, usibadili fataki bila kushusha kipimo.

Ukitaka kuzilinganisha mwenyewe, shikilia kila kitu kingine: maganda ya aina moja, fataki za pakiti moja, urefu ule ule, siku ile ile. Piga kumi kwa kila baruti. Tatu hazithibitishi lolote, hata zikigusana kwenye shabaha. Kisha rudia siku ya joto kabla hujakubali kipimo kilicho karibu na kikomo. Risasi isikae kwenye chemba yenye moto huku ukitafuta shabaha. Inapikika, na namba utakazopata hazitakuwa za baruti.

SWALI: Nimekuta baruti kwenye kipimio na sikumbuki ni ipi. Rangi na umbo ni kama H4350. Nirudishe kwenye kopo lake?
Msomaji, Ontario

JIBU: Usiirudishe. Baruti nyingi za vijiti hufanana hivyo hivyo, kijivu cheusi, na jicho haliwezi kuzitenganisha. Kiasi kidogo kitawanye bustanini. Kikiwa kingi, kichomwe nje mahali pa wazi, mbali na majengo na nyasi kavu, tabaka lisizidi inchi moja wala mzigo usizidi ratili moja kwa mara moja. Iwashwe kwa utambi mrefu wa karatasi, nawe ukae mbali. Tangu sasa, kopo moja tu mezani, na kipande cha karatasi chenye jina lake kibandikwe kwenye kipimio hadi kimwagwe.