Walimu Wapya wa Kiingereza, "-ness" si "u-" ya Kiswahili

Wiki iliyopita nilikaa dawati la nyuma katika darasa la Kidato cha Pili, nikimsikiliza mwalimu wa BTP, yaani aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha, akifundisha uundaji wa nomino. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wake ubaoni ulisomeka hadi nyuma, na wanafunzi walionekana kumpenda. Kisha akaandika kwamba kivumishi cha Kiingereza kikiongezewa "-ness" huwa nomino, kama vile "zuri" inavyopata "u-" ikawa "uzuri". Moyo ulinishtuka, kwa kuwa kanuni hiyo hiyo niliiandika mimi katika mwaka wangu wa kwanza kazini, na kila muhula namwona kijana mwingine akiirudia. Wadogo zangu, ninawapenda, lakini katika hili uvumilivu wangu umekwisha.

1. Fundisheni neno kabla ya kiambishi. Mimi nilianza na kiambishi. Niliandika kanuni yangu kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani, na wanafunzi wakaielewa papo hapo, kwa sababu lugha yao ilikuwa imekwisha kuwafundisha: refu urefu, kali ukali, maskini umaskini, basi "kind" ni "kindness", "dark" ni "darkness", "sad" ni "sadness". Nilifurahi mno nisitafute mfano hata mmoja unaokataa. Katika jaribio la mwezi nikawataka waunde nomino kutokana na "poor", na karibu darasa zima likaandika "poorness", nami nikaweka vema. Msichana mmoja tu, aliyekaa karibu na dirisha, aliandika "poverty". Nikamwekea mkasi kwa kalamu nyekundu.

Wakati wa mapumziko alikuja ofisi ya walimu akiwa na kamusi ambayo jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi. Aliifungua, akaweka kidole kwenye mstari, akasubiri. Neno nilikuwa nalijua; nimelisoma magazetini mara zisizohesabika. Lakini walimu wenzangu walikuwa wakitazama, na nilikuwa na miezi minne tu kazini, hivyo nikamwambia kwamba swali lilihusu kiambishi tulichojifunza, nikaifunga kamusi yake na kumrudishia. Akajibu, "Sawa, mwalimu," akaondoka. Mtihani wa mwisho wa muhula ulitaka nomino za "strong", "able" na "true", na nilipokuwa nikisahihisha nikakutana na "strongness", "ableness" na "trueness" karatasi baada ya karatasi. Karatasi yake nayo ilikuwa hivyo hivyo. Aliyekuwa na kamusi alikuwa ameamua kuniamini mimi badala ya kamusi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko alama zote za darasa lile. Nilibandua manila, nikaomba radhi mbele ya darasa na kumrudishia alama zake mbili, lakini hakunyoosha mkono tena katika kipindi changu hadi mwaka ulipokwisha.

2. Waelezeni kwa nini Kiingereza kiko hivyo. Dakika tano zinatosha. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia na kukaa pamoja na ya wenyeji, kila kundi likiwa na viambishi vyake. "Kindness", "length", "strength" na "truth" ni za ukoo wa kale wa Kiingereza. "Poverty", "cruelty" na "ability" zilipitia Kifaransa. Koo hizo zimeoana tangu zamani, ndiyo maana "polite", yenye asili ya Kilatini, huzaa "politeness" bila shida. Mwanafunzi akijua hivyo hatafuti tena kanuni moja, na akipewa "generous" ataifungua kamusi mwenyewe aikute "generosity", huku "u" moja ikiwa imedondoka njiani.

3. Mkitaka kulinganisha na Kiswahili, lilinganisheni na vitenzi vyetu. Hakuna mtoto anayemwita anayepika "mpiki", husema "mpishi". Anayelinda ni "mlinzi", anayependa ni "mpenzi", anayecheka na kuchekesha ni "mcheshi". Sauti ya mwisho ya mzizi imebadilika na hakuna aliyelalamika, kwa hiyo "decide" ikizaa "decision" na "succeed" ikizaa "success", wakumbusheni "mpishi" wao. Na kama "soma" inavyotupa msomaji, msomi, somo na usomaji, kila moja na kazi yake, ndivyo "receive" inavyotoa "receipt", yaani risiti, na "reception", yaani mapokezi. Niliwahi kusahihisha barua ya mwanafunzi aliyeshukuru familia ya rafiki yake kwa "receipt" nzuri waliyompa. Kiambishi alikuwa amekikariri vizuri, ila neno hakuwahi kuliona ndani ya sentensi, na aliyepaswa kumwonyesha ni mimi.

4. "Advice" na "information" hazichukui "s" ya wingi. "Happy" hugeuza "y" kuwa "i" kabla ya "-ness". "Pronounce" hupoteza "o" yake ya pili inapokuwa "pronunciation", na mwalimu asiandike ubaoni neno hilo bila kulihakiki. "Record" ikiwa nomino hukazwa mwanzoni, ikiwa kitenzi hukazwa mwishoni. Itamkeni kwa sauti, msiiandike tu.

Baada ya kipindi nilimsimulia yule kijana habari ya msichana wa kamusi. Alinyamaza, kisha akaniuliza afanye nini na kanuni ambayo darasa zima lilikuwa limekwisha kuinakili. Nikamwambia arudi kesho yake, awaombe waikate kwa mstari mmoja, na aseme wazi kwamba yeye ndiye aliyekosea. Alifanya hivyo nikiwa nimekaa dawati lile lile. Akamwita mvulana mmoja ubaoni aandike nomino ya "strong", naye akaandika "strenght", "h" ikiitangulia "t". Mwalimu hakumkatiza wala hakumfutia. Alimwomba asome herufi moja moja kwa sauti. Mvulana alipofika mwishoni akasita, akafuta herufi mbili kwa kiganja, akaanza kuziandika upya.